Kidole kimenisaliti

Nakuru, Jumapili jioni

Omera,

Salamu nyingi, sisi wazima, Mama Neema anakusalimu. Najua nimekaa kimya tangu matanga ya Ahero. Ningekupigia, lakini ungecheka kabla sijamaliza.

Unakumbuka vita vyangu na Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu? Namba za wakulima wetu zinaanza na sifuri, 0047, 0112, kwa hiyo lazima niziweke kama maandishi. Basi kila seli, yaani kila kijumba cha jedwali, inaota pembetatu ya kijani ya onyo, safu nzima kama shamba la sukumawiki. Nikifungua faili, swali. Nikihifadhi kwa CSV, faili ya maandishi matupu yenye mikato, swali tena. Miaka tisa nafanya kazi hii! Dereva wa matatu wa miaka tisa, kila steji unamwuliza kama anajua breki iko wapi?

Nikazoea kubonyeza ndiyo bila kusoma. Kidole kinajiendea.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nilitayarisha orodha ya malipo ya maziwa kwa simu. Namba zinaanza na 254, tarakimu 12, na kwenye seli ya kawaida tarakimu 12 zinageuka 2.54712E+11, namba iliyofupishwa. Nikahifadhi, ndiyo, ndiyo. CSV ikachukua kile kilichoonekana, tarakimu za mwisho zikaenda. Malipo yote yakarudi. Asubuhi wakulima wamejaa mlangoni, Mama Kevo mbele, na unamjua akishika kiuno.

Kosa ni langu, nimekubali mbele ya kamati. Lakini mwenyekiti anasema onyo lilikuwepo, sikulisoma. Hapo ndipo naumia! Onyo lile linasema tu kwamba baadhi ya vitu vinaweza kupotea ukihifadhi hivyo, maneno yale yale ya kila siku. Namba za simu halikuzitaja.

Sasa anataka kila kompyuta iachwe na maonyo yote, mimi sawa na yule kijana wa atachimenti. Mimi nilikuwa nimezima moja tu, lile la namba zilizohifadhiwa kama maandishi. Lile la fomula inayoruka seli za jirani nimeliacha, maana mwaka juzi lilinionyesha jumla iliyosahau mstari wa mwisho. Na tiki hizo za kuwasha na kuzima maonyo hazikai ndani ya faili, zinakaa kwenye programu ya mashine yangu. Kijana akifungua faili ileile kwake, kijani chake chote kipo. Nimemdhuru nani? (Chai ya kamati ilikuwa baridi pia, lakini hilo tuliache.)

Najua utanitupia yale ya Uingereza ya 2020, wagonjwa 15,841 wa Korona kuachwa nje ya hesabu kwa sababu faili za Excel za zamani zinakoma mstari wa 65,536. Sawa. Lakini wale walihitaji onyo moja la maana. Mimi napewa maonyo arobaini ya bure, na hilo moja silipati.

Kwa hiyo naomba kitu. Unaweza kuniandikia makro, ile programu ndogo ya ndani ya Excel, ya kuhesabu tarakimu za kila namba ya simu kabla sijahifadhi, ikatae zisipofika 12? Maonyo mengine iyanyamazishe, au ni hatari? Nasikia ukiyanyamazisha Excel inajijibu yenyewe. Inajibu nini? Utapita huku lini? Na yule mzee wa stoo, alikulipa? Omena bado ni bei ile?

Nijibu kabla ya Alhamisi, kamati inakaa tena.

Wako,
Baba Neema