Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: kabla ya kumwita mtu mwizi wa karafuu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalaam alaykum. Msimu umefika, mikeka imetandikwa barazani na kando ya barabara, na kama kila msimu zitaanza picha: kijana kachuchumaa mbele ya polo, yaani gunia, la karafuu, askari wawili nyuma yake, na chini pameandikwa "mwizi wa karafuu anaswa". Sisi ni wasaidizi wa sheria katika shehia za Pemba, yaani mitaa na vijiji vinavyosimamiwa na masheha. Hatuandiki kuwatetea wezi. Mkulima aliyeamka akakuta matawi yamevunjwa ana haki yake, na serikali ina wajibu kwake. Tunaandika kwa sababu ya neno hilo moja, "mwizi", na kwa sababu ya kazi inayoachwa bila kufanywa neno hilo likishatamkwa.

Sheria ina ngazi. Askari akimkuta mtu saa nane usiku anatoka katika shamba lisilo lake na polo begani, anayo sababu ya kumsimamisha, kumuuliza na kumkamata, na kwa kumkamata tu hiyo inatosha. Ngazi ya pili iko mahakamani, tena katikati ya kesi: upande wa mashtaka ukishafunga ushahidi wake, hakimu hujiuliza kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Mtaani maneno haya hufahamika vibaya mno. Mtu akisikia "fulani kakutwa na kesi ya kujibu" anadhani kesha kufungwa. Kumbe maana yake ni kwamba sasa ni zamu yake kusema, akitaka. Anaweza kuleta mashahidi, anaweza pia kunyamaza.

Mwaka 1957 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kipimo kinachotumika mpaka leo: ushahidi uwe wa kiasi kwamba mahakama makini, ikiifuata sheria, ingeweza kumtia hatiani mshtakiwa lau hatotoa maelezo yoyote. Ushahidi wa kuokoteza hautoshi, wala mahakama haitakiwi kumwita mtu ajitetee kwa tamaa kwamba utetezi wake utaziba mapengo ya mashtaka. Baada ya hapo ndipo inakuja ngazi ya tatu, hatia, na hiyo huthibitishwa pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Picha ya kijana na polo iko ngazi ya kwanza. Maandishi yaliyo chini yake yameshafika ya tatu.

Sasa tuje kwenye karafuu zenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, mahakama inaweza kumdhania kuwa ndiye mwizi asipotoa maelezo ya kuaminika. Lakini kwanza ithibitike kwamba mali imekutwa kwake kweli, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa kwake karibuni, na kwamba ndiyo hasa iliyotajwa katika shtaka. Simu ina namba yake, ng'ombe ana alama yake. Karafuu haina. Za shamba hili na za shamba la pili, ukizichanganya, hata aliyezipanda hawezi kuzitenganisha. Mlalamikaji anayesema "hizi ni zangu" kwa kuziangalia tu hajathibitisha kitu, hata awe mkweli namna gani.

Kinachoweza kusaidia ni mzani. Karafuu mbichi ikikauka hupoteza takriban thuluthi mbili za uzito wake, yaani kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na jua likiwa kali huchukua siku tatu hadi tano. Sasa chukua mfano: mlalamikaji anasema juzi usiku kachumiwa kilo 45 mbichi. Leo asubuhi kakamatwa kijana na polo la kilo 40, karafuu zake rangi ya kahawia, ukiikunja moja inakatika "ta!" badala ya kupinda. Kwa kuangalia tu, kesi imekwisha. Kwa hesabu, kilo 45 zile zingetoa kama kilo 15, na jua la siku moja halikaushi hivyo. Huenda kijana huyo kaiba kwengine, huenda hakuiba. Kwa malalamiko haya lakini polo lile halimshiki.

Kosa la pili hutokea baada ya kukamata. Polo la karafuu mbichi linafungwa mdomo na kuwekwa pembeni kama kielelezo, yaani kitu cha kuonyeshwa mahakamani kuwa ushahidi. Karafuu mbichi zilizorundikwa hushika joto, huvunda, hugeuka nyeupe. Na hata zikianikwa, kilo 30 zilizoandikwa siku ya kwanza zinafika mahakamani kilo 10, na wakili anauliza swali moja tu: kilo 20 zimekwenda wapi? Shahidi anababaika, na mkulima anakosa haki yake kwa sababu hakuna aliyeandika neno "mbichi".

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni karatasi moja kwa kila sheha, ijazwe ndani ya saa ya kwanza. Iandike uzito uliopimwa mbele ya mtuhumiwa na shahidi asiye askari. Mbichi, nusu kavu au kavu. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yamo au yamechambuliwa. Mahali, saa, na kulikuwa na mwangaza gani. Iandike kila mkono uliolipokea polo na tarehe yake, bila kuruka mtu. Kama kuna shahidi aliyemuona usiku, Mahakama ya Rufani ya Tanzania tangu mwaka 1980 inataka ijulikane alimtazama kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwangaza upi, na kama akimjua kabla. "Nilimjua kwa kanzu yake" ni maneno mepesi sana.

Na iandike maelezo ya aliyekamatwa kwa maneno yake mwenyewe, bila kulazimishwa. Watu hukodi mikarafuu, na makubaliano mengine ni ya mdomo tu. Wapo wanaookota zilizodondoka chini ya miti. Maelezo haya yakifuatiliwa siku hiyo hiyo, shahidi wake anapatikana nyumba ya tatu. Yakiachwa miezi miwili, yanaonekana ya kutunga hata yakiwa ya kweli.

Haya si mambo ya kigeni kwetu. Kila mtoto wa chuo cha Kurani anakijua kisa cha Nabii Yusuf, na kisa kile kina vielelezo vitatu. Kanzu yenye damu ililetwa kwa baba, na ilikuwa uongo. Wafasiri wanasimulia kuwa Yaaqub alishangaa mbwa mwitu gani huyu aliyemla mtoto asichane kanzu. Kanzu ya pili iliangaliwa imechanika mbele au nyuma, na ikamtoa Yusuf katika tuhuma. Cha tatu ni kopo la mfalme ndani ya mzigo wa ndugu yake, lililokutwa mbele ya mashahidi wote, na alilitia mwengine. Kadhi naye anaanzia hapo hapo: ushahidi ni juu ya mdai, kiapo ni juu ya anayekana.

Tunajua utasema una wajibu wa kumlinda mkulima. Unao. Mwanafalsafa wa Kiskochi W. D. Ross alieleza mwaka 1930 kwamba wajibu mwingi hutukabili kama dai la mwanzo tu: unatubana mpaka utokee mwengine wenye uzito zaidi mahali pale. Wa kumlinda mkulima unatekelezwa kwa doria na mzani. Kumwita mtu mwizi hadharani hakuongezi kilo hata moja katika polo la aliyeibiwa, na kunagongana na wajibu wa kutomdhuru mtu ambaye Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inakataza kutendewa kama mkosa kabla hajatiwa hatiani.

Ombi la pili basi ni dogo: taarifa za wilaya ziandike "mtuhumiwa", na picha zipigwe polo na mzani, uso wa mtu ubaki nje.

Rasimu ya karatasi tumeshaiandaa, ukurasa mmoja, nakala tatu: moja ya polisi, moja ya sheha, moja ya aliyekamatwa. Masheha wakipewa asubuhi moja ya mafunzo, pamoja na mzani na kilo tatu za karafuu mbichi za kujaribia, itatosha.

Wasaidizi wa sheria, Pemba