Risala ya Kikundi cha Vitabu na Filamu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu walezi wa kikundi,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Tunajua una majukumu mengi, na kuyaweka kando ili uje kukaa nasi si heshima ndogo kwetu. Karibu sana.

Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianza na wanachama saba. Kazi yetu ilikuwa kukutana kila Jumatano baada ya masomo, kusoma kitabu au kutazama filamu, kisha kuzungumza. Mwanzoni tulipotea njia. Tulikuwa tunafuata orodha za vitabu mia bora na filamu hamsini bora, tukiweka alama ya vyema mbele ya kila jina tulilolimaliza. Muhula ulipokwisha tulikuwa na alama nyingi, lakini hakuna aliyeweza kusimama akasimulia kilichomgusa. Orodha inakuambia kwamba kazi fulani ni kubwa, lakini haikuonyeshi ilitoka wapi wala ilizaa nini. Ndipo mwalimu mlezi akatupa swali la kujiuliza kila tunapofunga kitabu: huyu aliyeandika, yeye mwenyewe alisoma nini? Leo tunaomba tukusimulie swali hilo lilikotupitisha.

Safari ilianzia kwa Bwana Msa. Tulikuwa tunasoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anafumbua kifo ambacho wengine wamekisingizia mizimu. Nakala ilikuwa moja na sisi tulishafika kumi na wawili, kwa hiyo tukawa tunasoma kwa sauti, kwa zamu. Jumatano ya nne msomaji wetu alifunua ukurasa akanyamaza. Kurasa nane za mwisho hazikuwepo. Kwenye mgongo wa kitabu zilibaki nyuzi na vipande vya karatasi. Mgeni Rasmi, fikiria hadithi ya upelelezi, muuaji bado hajatajwa, na kitabu kimekwisha!

Mwenzetu mmoja alizunguka wiki tatu akiuliza kwa watu wazima, mpaka mwalimu mmoja mstaafu akaitoa nakala yake kabatini, kwa sharti kwamba isitoke nyumbani kwake. Basi mwenzetu akaketi mezani kwa mwalimu huyo siku mbili, akanakili kurasa zote nane kwa kalamu ya wino, kisha tukazishona kwa uzi kwenye kitabu chetu. Kitabu hicho kipo pale mezani. Ukikifungua utaona mahali uchapaji unapoishia na mkono wa mwenzetu unapoanzia.

Tulipojua muuaji ni nani, tukarudi kwenye swali letu. Msomaji yeyote wa hadithi za upelelezi akiwaona Bwana Msa na mwenzake Najum hachelewi kuwakumbuka Sherlock Holmes na Daktari Watson. Tukaenda kwa Arthur Conan Doyle, kwenye riwaya ya kwanza ya Holmes iliyotoka mwaka 1887. Humo, tena mapema kabisa, Watson anamwambia Holmes kwamba anamkumbusha Dupin, mpelelezi wa Edgar Allan Poe. Holmes hafurahi hata kidogo, anasema Dupin hakuwa lolote. Mtu anayesemwa vibaya namna hiyo lazima umtafute! Tulimkuta Dupin katika hadithi fupi ya Poe ya mwaka 1841. Tulikuwa tumerudi nyuma miaka 119, na kila hatua tulioneshwa njia na kitabu tulichokuwa nacho mkononi.

Tuseme kweli, hadithi ya Poe ilituchosha mwanzoni. Kabla ya tukio lolote kuna kurasa nzima za maelezo kuhusu namna akili inavyochambua mambo. Kama tungekutana nayo kwenye orodha tungeiacha. Lakini tulikuwa tumeshawajua watoto na wajukuu wake, kwa hiyo tukaisoma kama mtu anayetazama picha ya babu yake akitafuta pua yake mwenyewe. Ndiyo maana tunawashauri wanachama wapya waanze na kitabu wanachokipenda tayari, halafu warudi nyuma polepole. Anayeanza na cha kale zaidi mara nyingi huishia kukiogopa.

Kwa upande wa lugha yetu wenyewe tulirudi hadi mwaka 1858, kwenye utendi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake. Shairi hilo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mama huyu alilitunga akiwa mgonjwa, akitaka mwanawe abaki na maneno yake. Tulikwama ubeti wa kwanza tu, anapomwambia binti "upulike wasiati". Kamusi yetu ndogo haikuwa na neno hilo. Bibi wa mwenzetu mmoja ndiye aliyetuambia, bila hata kuacha alichokuwa anafanya, kwamba kupulika ni kusikiliza. Tangu siku hiyo mwenyekiti wetu akitaka utulivu haendi mbali, anasema "Pulikeni", na chumba kinatulia.

Mgeni Rasmi, kwenye filamu tulipata kazi ngumu zaidi, maana wengi wetu hatukuwahi kuvumilia filamu isiyo na rangi hata dakika kumi. Aliyetufungulia mlango ni mwanachama wetu mdogo kuliko wote. Aliona kwenye ensaiklopidia picha ya watoto wawili katikati ya majani marefu yenye maua meupe, akataka kujua wanakimbilia wapi. Ilikuwa picha kutoka Pather Panchali, filamu ya Satyajit Ray wa India ya mwaka 1955.

Tuliitazama kwenye kompyuta moja, vichwa kumi na vinne vimebanana. Tukio lenyewe liko hivi. Msichana Durga na mdogo wake Apu wamefika mbali na nyumbani. Wanategesha masikio kwenye nguzo ya waya inayovuma. Kisha unasikika mngurumo wa mbali, wanainuka, wanatafuta unakotoka, wanaanza kukimbia. Moshi mweusi unajichora juu ya maua meupe, na gari moshi linapita. Hakuna anayeeleza chochote, wala muziki haukushiki mkono kukuambia ulie au ufurahi. Tulilirudia tukio hilo mara tatu, na aliyeomba mara ya tatu ni yuleyule aliyekuwa amesema filamu za kale ni za kusinzia.

Baadaye tukasoma namna lilivyopigwa. Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo. Alianza kupiga filamu hiyo mwaka 1952, siku za mapumziko, fedha zikimwishia mara kwa mara, na mpigapicha wake, Subrata Mitra, hakuwahi kuendesha kamera ya sinema kabla ya hapo. Siku ya kwanza walipiga sehemu ya tukio la maua. Waliporudi kulimalizia siku chache baadaye, walikuta ng'ombe wameyala maua yote. Ikabidi wasubiri msimu mwingine mpaka yachanue tena. Ukilitazama sasa huoni mshono wowote.

Tukamuuliza na yeye swali letu. Mwaka 1950 Ray alikuwa London kikazi, na huko alitazama filamu ya Vittorio De Sica wa Italia, ya mwaka 1948, kuhusu baba aliyeibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi. Baba huyo aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji. Ray alitoka ukumbini ameshaamua kwamba na yeye atatengeneza filamu kwa namna ile, kwa watu wa kawaida na mahali halisi. Na filamu ya De Sica ilitokana na riwaya ya Luigi Bartolini, kama Pather Panchali ilivyotokana na riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, ambayo Ray aliwahi kuichorea picha za toleo lake la vijana. Kwa hiyo tulianza na picha ya watoto kwenye ensaiklopidia, tukaishia na filamu mbili na riwaya mbili.

Ray alifariki mwaka 1992. Mwaka uliofuata moto ulizuka katika maabara moja ya London na kuunguza mikanda asilia ya filamu zake, ikiwemo hii. Mikanda hiyo haikutupwa. Ilikaa miaka ishirini, imejikunja na kukauka, mpaka mafundi wa Bologna, Italia, walipoilainisha kwa dawa na kuunga kwa mikono vitundu vya pembeni, vile vinavyoshikwa na meno ya mashine, vilivyoharibika. Palipokuwa hapafai kabisa walitumia nakala nyingine zilizonusurika, na mwaka 2015 filamu ikaonyeshwa upya. Mwenzetu aliyenakili zile kurasa nane aliomba siku hiyo tusiendelee na mada nyingine. Alitaka tuzungumze juu ya vile vitundu tu, vinaungwaje, kwa zana gani, na fundi mmoja humaliza urefu gani kwa siku.

Si kila kazi imepata mafundi wa namna hiyo. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu za Marekani za enzi ya filamu bubu zimepotea kabisa. Waandishi nao hupotea. Zora Neale Hurston, mwandishi wa Marekani aliyetoa riwaya yake mashuhuri mwaka 1937, alifariki mwaka 1960 katika umaskini, akazikwa kwenye kaburi lisilo na jina. Mwaka 1973 mwandishi mwenzake, Alice Walker, aliingia kwenye magugu ya makaburi hayo akalitafuta, akaliwekea jiwe. Leo vitabu vya Hurston vinasomwa vyuoni. Tulipofika hapo kulikuwa na wasichana wawili kikundini waliolia, na sisi wengine hatukuona aibu kwa ajili yao.

Kuhusu ubishi wa kitabu na filamu, kipi bora, kikundi chetu bado kimegawanyika. Wengi wetu tunaegemea kwa Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, akatoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1956 kwa Kifaransa, kisha akaona kwamba wengi wa watu aliowaandika hawawezi kuisoma. Akiwa mtu mzima akaenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, na mwaka 1968 akatoa Mandabi, ambayo watu wake wanazungumza Kiwolofu. Na hakuiacha kalamu, aliendelea kuandika vitabu huku akitengeneza filamu.

Mgeni Rasmi, sasa tunakuja kwenye shida zetu na maombi yetu.

Shida ya kwanza ni nakala. Vitabu vingi vya miaka ya nyuma havichapwi tena, na vilivyopo vimekaa kwenye makabati ya watu ambao pengine hawajui kwamba kuna vijana wanavitafuta. Hatuombi tupewe. Tunaomba sauti yako, kwa kuwa inafika mahali ambapo yetu haifiki: wahimize wenye vitabu vya kale watuazime, au waturuhusu tuketi mezani kwao tunakili, kama yule mwalimu mstaafu alivyofanya.

Ya pili ni kifaa. Wanachama sasa ni thelathini na mmoja, na kompyuta ni ileile moja. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukuta mzima tunaitazama kwenye kioo cha upana wa daftari, na walio nyuma huona migongo ya wenzao. Projekta moja na shuka jeupe vingetutosha.

Ya tatu tunaiona ni kubwa kuliko zote, ingawa haihitaji fedha nyingi. Tunaomba kufunguliwa maktaba ya shule siku za Jumamosi, na kuwepo mkutubi, hata kwa saa tatu tu. Mtu anayejua kitabu kilipo, na kilicho jirani yake rafuni, hutuokolea wiki nyingi za kuzunguka.

Mgeni Rasmi, kuna jambo la mwisho, na hili unaweza kutufanyia hapahapa kabla hujaondoka. Tumeanzisha daftari la wageni wa kikundi. Hatuombi sahihi wala cheo. Kila mgeni anaandika kitabu kimoja au filamu moja iliyomgusa akiwa na umri kama wetu, na jina la mtu aliyempa au aliyempeleka kuitazama. Mwalimu mstaafu alikuwa wa kwanza kutuandikia, lakini alikataa katakata ukurasa wa kwanza, akaandika kwenye wa pili. Ukurasa wa kwanza bado ni mweupe. Daftari liko pale mezani, pembeni ya Bwana Msa, na kalamu ni ileile iliyoandika kurasa nane.

Ni sisi,
Wanachama wa Kikundi cha Vitabu na Filamu.