Neno moja la Kiingereza na maji yake

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, nami nilicheka kusoma kwamba neno moja la Kiingereza, drain, limekukwamisha siku mbili nzima, kwa sababu liliwahi kunitia aibu hata mimi. Zamani nilitafsiri maelezo ya upishi ambamo neno hilo lilitumika kwa maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, nami bila kufikiri nikaandika "yakaushe vizuri". Msomaji mmoja akaniuliza kwa upole kama ayaanike juani, na kwa muda gani. Nilipaswa kuandika "yachuje maji", basi.

Hata hivyo, kosa langu lilikuwa na ukoo. Katika Kiingereza cha Kale neno hilo lilikuwa kitenzi chenye maana ya kuchuja kimiminika, na mzizi wake ni mmoja na ule wa dry, yaani kavu. Ndani yake mna mambo mawili kwa pamoja, maji yanayoondoka na kitu kinachobaki bila maji, na Mwingereza hukitumia kitenzi hicho hicho kwa pande zote mbili, awe anazungumzia maji au bwawa. Sisi tunatoa maji na kukausha bwawa. Ukisema umetoa bwawa, hakuna atakayekuelewa. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza kinachotendwa ni nini, maji au chombo, kabla ya kuchagua neno. Kisha natazama kasi, kwa maana drain si kumwaga. Anayemwaga hupindua ndoo mara moja, lakini hapa maji hujiondokea kidogo kidogo kwa uzito wake yenyewe, kama pale unapoinamisha sahani zilizooshwa na kuziacha mpaka tone la mwisho lidondoke. Kwa sahani hizo hata kuchuja hakufai. Mimi ningeandika "ziache zichuruzike maji".

Likiwa nomino, linakuwa na matatizo mengine. Mmarekani mara nyingi hulitumia kwa tundu la sinki lenyewe, ambalo Mwingereza huliita plughole, naye Mwingereza akilitaja huwa anafikiria zaidi mabomba yaliyofukiwa ardhini. Kwa njia ya wazi ya maji ya mvua naandika mtaro, na kwa lile lililofukiwa naandika bomba la maji machafu. Neno mfereji nalikwepa, ingawa ni Kiswahili safi, kwa sababu wapo wasemaji ambao kwao mfereji ni bomba linaloleta maji ya kunywa, na hao hatutaki wakosee.

Wataalamu nao wana drain zao. Kwa daktari mpasuaji ni mrija unaoachwa kwenye kidonda ili damu na usaha vipate pa kutokea, na kwa fundi wa elektroniki ni mguu mmojawapo wa aina fulani ya transista, ambao hupokea mkondo unaodhibitiwa na mguu mwingine uitwao lango. Huyo wa pili usimtafsirie. Atakushukuru ukimwachia neno lake.

Kwa mafumbo, lugha yetu ina utajiri wa kutosha. Fedha zilizopotelea kwenye drain kwetu zimekwenda na maji, na sidhani kama kuna tafsiri iliyolingana kuliko hiyo. Betri huisha chaji, mtu huishiwa nguvu, na nchi inayopoteza wasomi wake huwa imekimbiwa na wataalamu, hata maji hayatajwi. Waingereza pia humsema mtu kwamba anacheka kama drain, yaani anaangua kicheko kikubwa, na hapo sijawahi kuona mantiki yoyote; andika tu kwamba alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Sasa ona, umeniandikia neno tupu, bila hata kuniambia ni kitenzi au nomino. Ninakilie sentensi nzima pamoja na zile mbili zinazoitangulia, kisha nitakujibu siku hiyo hiyo.

Wako daima,
Rafiki yako