Washukiwa mliowachapa gazetini wako wapi?

Mhariri,

Ile taarifa ya serikali kuhusu mpaka wetu na Somalia mliyoitoa wiki iliyopita nimeisoma yote, hata kile kipande kilichorukia ukurasa wa ndani karibu na matangazo ya vifo. Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini. Nimekuwa nikisoma na kunyamaza tangu enzi zile gazeti lenu lilipokuwa likitufikia Lamu siku ya pili, limelowa chumvi. Lakini taarifa hii ni ileile ya mwaka juzi, na ya kabla yake: doria zimeimarishwa, washukiwa kadhaa wametiwa mbaroni kwenye njia za panya, hali ni shwari, mwananchi akiona jambo apige ripoti. Nanyi mmeichapa neno kwa neno, bila kumuuliza msemaji swali hata moja.

Swali lenyewe halihitaji mwandishi aliyesomea Ulaya. Hao waliokamatwa wako wapi sasa?

Mpaka huu una urefu wa kilomita 680 hivi, na kwenye karatasi ulifungwa 2011, wanajeshi wetu walipovuka kuingia Somalia. Mei 2023 Profesa Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza kwamba utafunguliwa kwa awamu: Mandera ndani ya siku 30, Liboi 60, na sisi wa Kiunga 90. Tukawekwa mkiani, haya, tukahesabu siku. Juni watu wakauawa vijiji vya Juhudi na Salama, hukuhuku Lamu, na Julai tukaambiwa ufunguzi umeahirishwa. Kuahirisha sikubishi, damu ilikuwa imemwagika. Ninachobisha ni hesabu. Mpaka ulifungwa, na bado unavukwa, na watu na magunia ya sukari, na katika wavukao wote tunasomewa wale walioshikwa tu. Waliozungumza vizuri na mlinzi wakapita hawana safu yao katika taarifa.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili limenikaa kooni. Mamangu alizaliwa Ishakani kabla ya uhuru. Ishakani ni kijiji cha mwisho cha Kenya pwani ile. Ukikipita kwenda kaskazini ndiyo unaelekea Ras Kamboni. Tulikuwa tukimleta Mombasa kutolewa mtoto wa jicho, tarehe ya hospitali tuliingoja miezi. Tukafika kwenye kizuizi kimoja, sitakitaja, abiria wote chini, foleni, vipande vya utambulisho mkononi. Kijana aliyekuwa akikagua akakigeuza kipande cha mama, akasoma, akauliza, “Ishakani ni wapi huko? Ni Somalia?” Mama akamjibu kwa upole, kama anavyowajibu wajukuu zake, “Mwanangu, ni Kenya.” Yule kijana akamtazama mwenzake. Mwenzake naye hakujua. Basi mama akatolewa foleni, akakalishwa kwenye benchi la mbao nje ya kibanda, leso imeanza kumdondoka mabegani, macho yenyewe haoni vizuri, anauliza mimi niko wapi. Niliposema ni mamangu, nikaambiwa kama ni mamako kaa naye. Basi likaondoka; utingo alitushushia begi na kikapu cha ng'onda tuliowabebea jamaa, akasema pole, ana ratiba. Tulikaa pale mpaka alasiri ikapita. Kosa letu hakuna aliyetuambia, wala hakuna aliyepiga simu Kiunga, ambako chifu yeyote angemjua bibi yule kwa jina la babake. Kwenye meza palikuwa na kaunta buku, lile la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: jina, nambari ya kipande, atokako, sababu. Mbele ya jina la mamangu, chini ya sababu, pakaandikwa “mshukiwa”. Jua lilipoanza kuzama mkubwa wao akaja, akatazama, akacheka kidogo, akasema huyu mama ana shida gani, mwacheni aende. Tukaenda. Mstari wetu katika lile daftari haukufutwa, kwa kuwa lile daftari halikuwa na safu ya walioachiliwa. Tarehe ya macho ikatupita.

Siku chache baadaye nikasoma kwenye gazeti lenu kwamba msako umefaulu na idadi kadhaa ya washukiwa imekamatwa kwenye barabara zitokazo mpakani. Nimejiuliza tangu siku hiyo, na nakuuliza wewe, Mhariri: katika ile idadi, mamangu yumo? Kama hayumo, ile hesabu ilitoka kwenye daftari gani? Kama yumo, basi taifa zima lilitangaziwa kuwa limelindwa dhidi ya ajuza mwenye mtoto wa jicho na kikapu cha samaki wakavu.

Wala si ajabu mpya. Aprili 2014 ilipofanyika Operesheni Usalama Watch, ule msako wa serikali dhidi ya ugaidi, watu kama elfu nne walizolewa, wengi wao Eastleigh, Nairobi, wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Idadi ya waliokamatwa tulisomewa mpaka tukaikariri. Ya waliofikishwa mahakamani wakapatikana na hatia ya ugaidi, mimi msomaji wenu sikumbuki kuiona ukurasa wa kwanza. Na mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Nasema haya kwa sababu najua kuna watakaonijibu kwamba usalama una gharama na anayelalamika ni mtetezi wa magaidi. Sisi wa Lamu tumezika watu wetu. Mauaji ya Mpeketoni si hadithi kwetu. Ndiyo maana nataka hesabu ya kweli, maana kijana anayepoteza siku nzima na mamangu siku hiyo hiyo hamtazami yule anayepaswa kutazamwa.

Tena taarifa zenyewe huandikwa Kiingereza. Katiba, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Ibara ya 240 inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lilipelekee Bunge ripoti kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Wanaoishi na hiyo hali ni wavuvi wa Kiunga na Waboni wa Mangai na Basuba, ambao skuli zao zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama huohuo. Hao husubiri mtu arudi kutoka mjini awafafanulie wameandikwa nini. Na kwa kuwa nimefika kwenye wavuvi: uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu 2011 kwa sababu ya usalama, na kwa miaka watu walikaa na nyavu juani wakati kamba na samaki wakipita usiku kama kawaida yao. Je, kuna ripoti iliyowahi kutuambia marufuku ile ilizuia magaidi wangapi? Aliyeiona anitumie. Barabara ya Hindi kwenda Kiunga nayo imetegwa mabomu mara kwa mara hata mtu akiwa na mgonjwa humpitisha baharini, kusi ikivuma au isivume, kwa nauli anayoipanga mwenye boti. Hayo hayaingii katika “hali ni shwari”.

Nasikia watu wakidai tume, kamati, uchunguzi huru. Mimi sidai makubwa. Nadai safu mbili. Katika kila daftari la kila kizuizi, kuanzia Mandera hadi Lunga Lunga, ipigwe safu ya “ameachiliwa, saa ngapi” na nyingine ya “amefikishwa mahakama gani”. Katiba tayari inasema mtu apelekwe kortini ndani ya saa 24, kwa hiyo safu ya pili isiwe na tabu kujazwa. Jumla za safu hizo zisomwe pamoja na jumla ya waliokamatwa, kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe gatini Mokowe na kwenye ofisi ya chifu Kiunga kabla ya kupelekwa Nairobi. Pia kila askari anayepangiwa njia hiyo apewe ramani, Ishakani imezungushiwa wino mwekundu. Na wewe, Mhariri, taarifa yoyote ikikujia bila jumla hizo, ichape karibu na matangazo ya biashara, na juu yake uandike kuwa imelipiwa.

Wakisema hakuna fungu la kununulia madaftari mapya, mimi nina duka la vifaa vya skuli. Kaunta buku za kurasa 400 ninazo, na rula ninazo. Nitazipiga mistari mwenyewe nizipeleke hadi kizuizini, mradi niahidiwe kwamba nitarudi siku hiyohiyo.

Mzaliwa wa Lamu,
Majengo, Mombasa