Jimny mpya huku Kusini: raha ya mchangani, lawama za lami

Wenye Suzuki Jimny mpya, kigari kidogo cha porini, wanaofika gereji kwetu hapa Mtwara tunawajua kwa njia waliyopita. Aliyetoka Msimbati au Kitangari anaingia akicheka. Aliyetoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa anashuka akinyoosha mgongo, na swali lake la kwanza ni kama ameuziwa gari bovu. Mara nyingi gari ni zima, ila limepelekwa lisikotengenezewa. Tunaandika haya kwa walionayo tayari, na zaidi kwa wale wanaopiga hesabu za msimu wa korosho wakiwa na picha ya Jimny kwenye simu.

Jimny tunayoizungumzia ni ile ya umbo la boksi iliyotoka Japani mwaka 2018, kizazi cha nne. Ziko tatu, na wanaoagiza huzichanganya. Kuna ya cc 660 yenye tabo, iliyotengenezwa kwa sheria za magari madogo ya Japani. Kuna ya cc 1,500, ambayo Wajapani wanaiita Jimny Sierra. Halafu kuna ya milango mitano, iliyoonyeshwa India mwaka 2023 na inayotengenezwa hukohuko. Ilipotangazwa Japani Januari 2025 kwa jina la Nomade, oda zilifika kama 50,000 ndani ya siku nne hadi Suzuki wakasimamisha kupokea nyingine. Injini ya cc 660 na ya cc 1,500 ni mbili tofauti kabisa, kwa hiyo ukitupigia kuulizia spea taja cc kwanza, rangi baadaye.

Sasa sifa zake. Chini ya bodi kuna chasisi ya ngazi kama ya lori, ekseli nzima mbele na nyuma, na giaboksi ya pili yenye 4L (magurudumu manne kwa gia nzito). Magari madogo ya namna hii yanayouzwa leo ni machache sana. Mengi yanayojiita ya porini ni saluni zilizonyanyuliwa. Jimny ya cc 1,500 ya milango mitatu ina uzito wa kilo 1,100 hivi, wakati Land Cruiser mkonga inapita tani mbili, na kwenye mchanga wa Msimbati uzito ndio unaozamisha. Tumbo lake liko milimita 210 kutoka ardhini, na linageuka mahali padogo, jambo ambalo mtu wa Newala mwenye shamba la mikorosho iliyobanana atalithamini kuliko redio ya kisasa. Kizazi kilichotangulia kilihamia kwenye vitufe vya kubadilishia 4WD (kuvuta kwa magurudumu manne); hiki kimerudisha leva ya mkono, na mafundi tulifurahi.

Lawama za lami nazo zina ukweli. Injini ya cc 1,500 ina nguvu za farasi 102, na ya otomatiki ina gia nne tu, kwa hiyo ukikimbia inapiga kelele. Bodi ni refu kwenda juu na gari ni jepesi, hivyo kusi likivuma kwenye sehemu zilizo wazi utalazimika kushika stelingi kwa mikono miwili. Hakuna fundi wa kukuondolea hayo. Tenki ni la lita 40. Kwa vipimo vya Ulaya otomatiki inakula kama lita 8.8 kwa kilomita 100, yaani tenki zima ni kilomita 450 hivi, na kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya 550. Jaza njiani Nangurukuru, usisubiri taa iwake ukiwa katikati ya pori.

Buti ya milango mitatu ni lita 85 viti vya nyuma vikiwa vimesimama. Mfuko mmoja wa salfa ya mikorosho ukiingia, mkeka wa mama unakaa mapajani. Ya milango mitano inafika lita 208, lakini nayo ni ya watu wanne. Tunalisisitiza hili kwa sababu uzito unaoruhusiwa kubebwa ni kama kilo 340, watu wakiwemo. Watu wazima wanne wameshaumaliza karibu wote. Gunia la korosho ni kilo 80, hesabu mwenyewe. Anayetaka gari la kwenda nalo ghalani anunue pikapu, hata ikiwa ya zamani, na hatutaona haya kumwambia hivyo ingawa tunaishi kwa kutengeneza.

Lawama moja tunaimaliza bure, papo hapo: “linarusha sana.” Tunapima upepo wa matairi na kukuta psi 35, wakati mwingine 40, kwa kuwa kijana wa upepo alijaza kama anavyojaza magari yote. Kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema kama 26 kwa mzigo wa kawaida. Gari la kilo 1,100 lenye matairi magumu hivyo lazima lidunde kwenye makorongo ya changarawe. Tukishusha upepo, mwenye gari anazunguka mtaa na kurudi akiuliza tumefunga shokapu gani. Mchangani unashusha zaidi, hadi 18 hivi, ila uwe na pampu ndani ya gari, maana kurudi kwenye lami kwa mwendo mkali na upepo mdogo hivyo ni kuchana matairi.

Stelingi kutetemeka kwenye mwendo wa 60 hadi 80 ni jambo jingine, na hapa usipuuze. Gari lolote lenye ekseli nzima mbele linaweza kupatwa nalo. Kwanza tunafanya balansi na kuangalia kama matairi yamelika upande. Kisha beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia), bushi za fito inayoshikilia ekseli isiyumbe, na mwisho kabisa dampa ya stelingi, yaani shokapu yake ya kuzuia mtetemo. Wengi huko nje wanaanza na dampa kwa kuwa ni rahisi kufunga. Mtetemo unapotea miezi michache, ubovu unaendelea kula chini kwa chini. Mteja akituletea dampa mpya mkononi tunaiweka pembeni mpaka hayo mengine yaishe.

Taa ya 4WD inayopepesa bila kutulia huleta watu wakiwa na hofu ya giaboksi. Kwenye Jimny, habu za mbele (vifungio vinavyounganisha ekseli na magurudumu) zinafungwa kwa vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, inayotoka kwenye injini kupitia mipira myembamba. Mpira ukipasuka, ukichomoka au ukiingia tope, habu haifungi na magurudumu ya mbele hayavuti, hata leva ikiwa kwenye 4H (magurudumu manne kwa gia za kawaida). Mpira wenyewe ni kitu kidogo. Ukiambiwa ushushe giaboksi kabla mtu hajapima vakyumu, chukua ufunguo wako uondoke.

Lililo baya zaidi ni la dereva mwenyewe: kuendesha kwenye lami kavu ukiwa 4H. Gari hili halina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiwa 4H, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kwenda sawa, lakini kwenye kona ya mbele husafiri njia ndefu zaidi. Mchangani tairi linateleza kidogo na mkazo unaisha. Kwenye lami halitelezi, mkazo wote unarudi kwenye giaboksi na ekseli. Utahisi stelingi nzito na gari likishikashika. Ukitoka vumbini na kupanda lami, rudisha 2H (magurudumu mawili). Leva ikigoma, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, itaachia. Kutoka 2H kwenda 4H unaweza kufanya ukiwa kwenye mwendo, magurudumu yakiwa yamenyooka na spidi ikiwa chini ya 100. Kwenda 4L lazima usimame, klachi chini, au weka N kama ni otomatiki.

Tena tupo pwani. Ukishapita mchanga uliolowa maji ya bahari, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hasa ndani ya chasisi ambako mchanga unajificha na kutunza chumvi. Ile tabia ya kupuliza oili chafu chini ya gari tunaikataa: inavimbisha bushi za mpira, na vumbi la Tandahimba linaganda juu yake kuwa sugu. Tunapaka nta ya kuzuia kutu baada ya kuosha na kukausha, na mahali palipoanza kutu tunapasugua kwanza. Kama ulipita kwenye maji marefu, kama wengi walivyofanya barabara ilipokatika Somanga mwezi Mei 2024, tunafungua oili ya difu zote mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Ukaguzi wa kabla ya kununua tunaufanya kwa Jimny yoyote iliyoko Mtwara au Lindi mjini, na bei tunakutajia kabla ya kufungua nati. Mwombe muuzaji asilioshe injini wala chini siku hiyo, kwa sababu oili inayovuja inaonekana vizuri kwenye vumbi lake. Liletwe asubuhi injini ikiwa baridi, likiwa na mafuta ya kutosha kufika hadi Mikindani na kurudi, kwa kuwa mtetemo wa stelingi hatuwezi kuusikia gari likiwa juu ya jeki.