Shuka bado ni zima pembeni, ndoo imekufa yote

Mhariri,

Makala za kuhimiza watu wasitupe vyombo na nguo zilizochakaa zimekuwa nyingi, na nia yake ni njema. Kasoro yake ni kwamba nyingi huanzia mwisho. Huonyesha picha ya kitu kilichokwisha kutengenezwa kikapendeza, kisha msomaji huachwa ajitafutie njia. Sisi tunaoshughulika na ushonaji na ukarabati wa vyombo vya nyumbani tunaona ni vyema kuanza kwa kukagua. Vitu vingi haviishi vyote kwa mpigo. Huchoka mahali fulani. Ukishajua palipochoka na palipo pazima, matumizi mapya hujitokeza yenyewe, au inakuwa wazi kwamba cha kuokoa hakipo.

Tuanze na shuka. Shuka huliwa katikati, pale mwili unapolala na kujigeuza, huku pembeni kunakochomekwa chini ya godoro kukibaki imara. Dawa yake ni kulikata katikati kwa urefu na kuleta pembeni katikati. Lakini kwanza lipime. Liinue kwenye mwanga wa dirisha: panapopenya mwanga mwingi ndipo palipolika. Kisha shika mahali pa karibu na hapo kwa mikono miwili, vidole gumba vikikaribiana, uvute kwa ghafla, kwa urefu halafu kwa upana. Kitambaa kikichanika, nyuzi zimekwisha nguvu na kushona ni kupoteza uzi. Kazi hii hufaa shuka likiwa limeanza kuwa jembamba, si baada ya kutoboka.

Likunje mara moja kwa urefu, pitisha pasi kwenye mkunjo, kisha kata juu ya alama hiyo. Vipande viwili vibadilishane nafasi, cha kushoto kiende kulia, ili pande nzima zikutane. Ikiwa pande hizo ni kingo za jora zisizofumuka, laza moja juu ya nyingine kwa sentimita 1 na upitishe mistari miwili ya mshono, mmoja kando ya kila ukingo. Ikiwa zina pindo, lifumue kwanza. Wengi huliacha ili kuokoa muda, kisha hulalia tuta la tabaka sita za kitambaa na kulaumu shuka. Kingo zilizofumuliwa zinataka mshono wa kulaza: ukingo mmoja uzidi mwenzake kwa milimita 6, shona, kunja ule mrefu uufunike ule mfupi, laza vyote upande mmoja na ushone tena juu yake.

Sasa palipolika pako nje. Kata sentimita 10 hadi 15 kila upande, kisha ukunje pindo la sentimita 1 mara mbili. Shuka litapungua upana kwa sentimita 25 hadi 35 hivi, kwa hiyo la kitanda kikubwa lihamie kitanda kidogo. Uzi uwe wa pamba, wa unene wa kawaida, na kila hatua ya mshono iwe na urefu wa milimita 2.5 hadi 3. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mtu hutaka mshono imara, hivyo huweka uzi mgumu wa poliesta na mishono midogo midogo. Kitambaa cha zamani kikishonwa hivyo hutobolewa mfululizo kama karatasi ya stempu, na baada ya kufuliwa mara chache hukatika papo hapo kwenye mstari wa mshono. Uzi ukiwa dhaifu kuliko kitambaa, kinachokatika ni uzi, na uzi unashoneka tena.

Taulo nalo huisha katikati, ila lina tabia yake: ukilikata, vile vitanzi vya nyuzi humwagika. Shona kwanza, kata baadaye. Piga mistari miwili ya zigizaga iliyoachana kwa sentimita 1, halafu pitisha mkasi katikati yake. Vipande vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha kufutia mikono.

Kuhusu fulana, kabla ya kufikiria tambara la kupigia deki au zulia, jua imefumwa kwa uzi gani. Dondoshea tone la maji. Pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi hunyonya karibu mara moja. Poliesta mara nyingi huliacha tone likae juu au litambae polepole. Ukibaki na shaka, kata uzi mmoja, ushike kwa koleo juu ya sinia la chuma, uuwashe: pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ya pamba inafaa kwa deki. Ya poliesta itayasukuma maji huku na huko tu, lakini kwa kusuka zulia la mlangoni ni nzuri, maana hukauka haraka. Mikanda ya kusukia ikatwe kwa kuizunguka fulana, upana wa sentimita 2 hadi 3, kutoka chini hadi usawa wa makwapa, kisha ivutwe kwa nguvu ili ijikunje iwe kama kamba. Fulana isiyo na mshono ubavuni ndiyo bora, kwa kuwa mkanda hukatikia kwenye mshono.

Ndoo na mabeseni ya plastiki ndivyo vinavyosumbua zaidi. Vingi hutengenezwa kwa polietilini au polipropilini. Tazama chini, ndani ya alama ya pembetatu, utaona namba 2 au 5. Plastiki hizi zina uso unaoteleza usioshika gundi za kawaida, ndiyo sababu gundi inayounganisha kikombe barabara hubanduka kwenye ndoo kama ganda. Ufa mfupi unaweza kuzuiwa. Toboa tundu la milimita 3 kwa keekee pale ufa unapoishia, maana ncha kali ya ufa ndiyo inayousukuma uendelee mbele. Tundu la mviringo husambaza mkazo. Kisha toboa matundu madogo pande zote mbili, sentimita 1 kutoka kwenye ufa, na uushone kwa waya mwembamba. Ndoo hiyo haitabeba maji tena. Itabeba vibanio vya nguo, udongo au vifaa vya usafi.

Kabla ya hayo yote, ibonyeze ndoo kwa kidole gumba. Ikiwa imepauka, inaacha unga mkononi na inalia inapobonyezwa, miale ya jua imekwisha kukata minyororo midogo ya molekuli inayoishikilia plastiki, kila mahali. Ziba ufa huu leo, kesho utatokea mwingine pembeni yake. Hiyo itupe, na mpini wake wa waya uuchukue.

Ndoo ya lita 10 iliyo nzima pembeni lakini inayovuja chini ni chungu kizuri cha mmea. Toboa matundu 5 au 6 ya milimita 10, na mawili kati ya hayo yawe ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu ndoo ikikaa kwenye sakafu laini matundu ya chini huzibwa. Ule ushauri wa kuweka kokoto chini ili maji yatoke vizuri hausaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hukwama juu ya mpaka wao, na mizizi hupata nafasi ndogo zaidi ya kupumua. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Dumu lililowahi kuwekwa dawa ya kuulia wadudu, oili ya gari au kiyeyusho cha rangi lisitumike kwa maji wala chakula, hata likioshwa mara ngapi. Plastiki hunyonya sehemu ya kemikali na kuiachia polepole. Hili halina ujanja wa kulizunguka.

Mitungi ya kioo haina mengi. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, bandua karatasi, gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, iache nusu saa, kisha osha kwa sabuni. Harufu inayogoma kutoka huwa kwenye kifuniko, kwenye ule mpira wa ndani, si kwenye kioo.

Vipande vya mishumaa vyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria yenye maji ya kina cha sentimita 3, kamwe si moja kwa moja juu ya moto. Maji hayapiti nyuzi 100, lakini nta iliyo juu ya moto mtupu huendelea kupanda hadi mvuke wake ushike moto. Ukishika, funika kwa kifuniko na uzime jiko. Maji yakimwagwa hapo hugeuka mvuke kwa mshindo na kurusha nta inayowaka chumba kizima. Utambi uwe wa pamba, nyuzi tatu zilizosukwa na kuchovywa kwenye nta. Kamba ya poliesta huyeyuka na haivuti nta. Nta ikipoa husinyaa na kuacha shimo kuzunguka utambi, kwa hiyo weka akiba kidogo ya kujazia. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba.

Vifungo na zipu vitolewe kabla nguo haijawa tambara. Lastiki ya kiunoni usihangaike nayo: mpira wake hufa kwa umri hata kama nguo haikuvaliwa.

Na hayo matambara yakitumika kupaka mafuta ya kitani kwenye mbao, yasiviringishwe yakatupwa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na joto likifungiwa ndani ya mkunjo linaweza kuwasha moto bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje, mahali pasipo na kitu cha kuungua, hadi yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na ulifunike.

Mafundi wa ushonaji na ukarabati wa vyombo