Aliyepooza kwa dakika ishirini hajapona

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo la kiharusi, ambalo huku kwetu Ilula, wilayani Kilolo, limetupokonya mkono wa kulia wa mtu mzima na karibu maneno yake yote.

Machi mwaka huu, msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukiwa umekolea, baba yangu mdogo alikuwa shambani akichambua nyanya za kupakia kwenye matenga. Nilipita kumsalimu. "Kamwene," nikasema. Alitaka kuitikia, likatoka neno lililopinda, kama la mtu anayeongea huku ugali umemjaa kinywani. Nyanya aliyoishika ikamponyoka. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja. Vijana wa kupakia wakaangua kicheko: saa tatu asubuhi mzee ameshapitia kilabuni! Nakiri kwamba hata mimi, mwalimu niliyestaafu baada ya miaka 31 ya chaki, nilidhani hivyohivyo. Baba mdogo anaupenda ulanzi, simsingizii utakatifu. Tukamkalisha chini ya mti. Baada ya kama dakika ishirini akasimama, akakunja na kukunjua vidole, akawasema wale vijana kwa Kihehe kilichonyooka kabisa, na kazi ikaendelea.

Mama mdogo ndiye hakuridhika. Jioni alimburuta hadi zahanati. Presha ikasoma 190 kwa 110. Lakini mgonjwa alikuwa anatembea, anaongea, anatania watu kwenye benchi. Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, ingawa hapakuwa na mahali palipomuuma, akaambiwa apumzike, arudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Usiku wa kuamkia Jumamosi alianguka akienda chooni, na safari hii hatukuona kilichorudi.

Zahanati siitaji, na wala siandiki kumshitaki mhudumu. Sote tulimpima mgonjwa kwa macho, na macho yakatuambia amepona.

Kile kilichompata chini ya mti kina jina: kiharusi cha kupita, wengine husema kiharusi kidogo. Jina hilo la pili silipendi, maana hakuna anayekodi gari usiku kwa ajili ya kitu kidogo. Daktari aliyempokea mjini alitueleza, nami nimeyageuza kwa lugha ya vinyungu, bustani zetu za mabondeni. Mfereji ukizibwa na majani, vitalu vya chini hunyauka. Maji yakiyasukuma majani yakapita, vitalu huchangamka tena, na mkulima mvivu hurudi kulala. Mwenye akili hupanda juu kuangalia majani yametoka wapi, kwa sababu huko yapo mengine. Mwilini, majani ni bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo kwa muda kisha likayeyuka. Huko juu panaweza kuwa moyo unaodunda bila mpangilio, mishipa mikubwa ya shingo iliyojaa mafuta, au presha na sukari ambazo zimeikomaza mishipa kwa miaka bila mtu kujua. Na kwa kuwa hakuna kinachouma, hakuna anayepiga kelele.

Dalili hizi mara nyingi huondoka ndani ya saa moja. Hatari haiondoki nazo. Bila matibabu ya haraka, katika kila watu 100 waliopatwa na kiharusi cha kupita, takriban 10 hupata kiharusi kamili ndani ya miezi mitatu, na karibu nusu yao hukipata ndani ya siku mbili za mwanzo. Hesabu mwenyewe, Alhamisi asubuhi hadi usiku wa kuamkia Jumamosi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa zenyewe si za ajabu. Mwaka 2007 madaktari wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya mpango wao wa kuwaona wagonjwa wa namna hii upesi. Awali mgonjwa alikuwa akianza dawa baada ya siku 20 hivi. Wakashusha hadi siku moja. Waliopata kiharusi kamili ndani ya siku 90 wakapungua kutoka 10 katika kila 100 hadi 2. Dawa ni zilezile za zamani: aspirini, za kushusha presha, za kupunguza mafuta kwenye damu. Walichobadilisha ni siku ya kuanza.

Kabla msomaji hajakimbilia duka la dawa kununua aspirini, asubiri. Viharusi vingine hutokana na mshipa uliopasuka na kuvujisha damu, na hapo aspirini inaweza kuongeza balaa. Kuzitofautisha kunahitaji picha ya kichwa. Halafu dakika ile ya tano, mdomo ukiwa umepinda, hakuna ajuaye kama hali itapita au ndiyo imekuja kukaa. Ikiwa imekuja kukaa, dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kungoja kuona kama kutapambazuka vyema ni kuzimaliza saa hizo kitandani.

Najua nitajibiwa kwamba kipimo hicho cha picha ya kichwa hakipo kila wilaya, na kwamba kutoka baadhi ya vijiji vya Kilolo hadi Iringa mjini wakati wa mvua ni safari ya kusukuma gari kwenye tope. Ni kweli, na nauli nimeilipa. Lakini mashine ya presha ipo zahanati, na karatasi ya rufaa ipo. Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya za mkoa huu na jirani zetu wa Njombe na Mbeya ni moja: mtu akifika akasema "asubuhi mkono ulikufa ganzi ghafla, sasa nipo sawa", au mdomo ulipinda, au jicho moja lilifunga giza, au maneno yaligoma, asiambiwe Jumatatu. Apate rufaa siku ileile hadi panapopimwa, hata kama anacheka.

Kwa wauza ulanzi na wanywaji wenzao nina neno pia. Mlevi hulewa taratibu, na pande zote mbili za uso. Ukiona mwenzako amebadilika ghafla, mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, ataje jina la mama yake. Kimojawapo kikigoma, acheni kikombe mtafute usafiri.

Nawe Mhariri, gazeti lako likiandika habari za presha, weka na hili. Nimemsomea baba mdogo barua hii kabla ya kuituma. Pale pa ulanzi nilimuuliza kama nifute. Alitikisa kichwa, akagonga meza kwa mkono wa kushoto mara mbili, nikaelewa kwamba nisonge mbele.

Mwalimu mstaafu,
Ilula, Iringa